Mtoto Apigaye, na Fimbo Iliyo Mkononi Mwetu

Swali la juma hili hatukulitunga sisi. Tuliulizwa na mama mmoja wa mtelemko wa Mlima Meru, upande wa Tengeru, ambaye shamba lake la migomba na kahawa si kubwa kuliko kiwanja cha kanisa lake. Aliuliza akiwa amesimama, maana hakuwa na nafasi ya kuketi. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa akizunguka nyumba, akichana majani makavu ya migomba vipande vyembamba vyembamba, na kila alipotoweka nyuma ya jiko, mama alinyamaza kwanza akasikiliza, ndipo akaendelea na maneno yake. "Mwalimu," akasema, "mtoto huyu akiniuma, ananitenda dhambi? Na mimi nikimpiga, dhambi ni ya nani?"

Majuma machache kabla ya siku ile, katika Misa ya pili ya Jumapili, kipaza sauti cha kanisa kilitoa ule mlio mkali ambao kila parokia yaujua. Watu wazima walikunja nyuso, kisha wakasahau. Mtoto yule hakusahau. Alifunika masikio, akajipiga kichwa kwa ngumi, akajitupa sakafuni, na mama yake alipoinama amwinue, akamuuma mkono hata damu ikatoka. Bibi mmoja aliyeketi karibu alipigwa teke la mguu. Mzee wa kanisa akaja upesi, wala hakuja na ubaya moyoni; akamnong'oneza mama kwamba mtoto aliyefundwa kwa fimbo nyumbani hafanyi mambo ya namna ile kanisani. Kijana mmoja akatoka nje, akarudi na ufito mkononi. Mama akamkokota mwanawe mpaka mlangoni, wakaenda zao. Jumapili iliyofuata hawakuonekana, wala ile iliyofuata, wala ya tatu yake. Ndipo nilipopanda kwenda kuwatazama.

Mtoto huyo ana usonji. Neno hili bado ni geni masikioni mwa wengi wetu, lakini hali yenyewe si ngeni hata kidogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa nayo. Jiji la Arusha peke yake lilihesabiwa kuwa na watu 617,631 katika sensa ya mwaka 2022. Basi kama kadirio hilo lafaa na huku kwetu, mjini tu wapo watu zaidi ya 4,800 wa namna hii, bila kuhesabu wale wa vijijini kutoka Oldonyo Sambu hadi Usa River. Wako wapi? Wengine wamo miongoni mwetu, nasi twawaita wakaidi, mabubu, au watu wa ajabu. Wengine wamefungiwa ndani.

Mwenye usonji huzaliwa na ubongo unaoyapokea mambo ya dunia kwa namna nyingine. Wengine husema vizuri, wengine hawasemi kabisa. Wengi hupenda siku ziende kwa utaratibu ule ule, na mabadiliko madogo huwatikisa. Sauti, mwanga, harufu, au kuguswa na nguo ya sufi, huweza kuwaingia kama miiba. Wapo wenye akili ya kushangaza, na wapo wasioweza kujivika shati. Si ugonjwa wa kuambukizwa, wala si pepo, wala si matokeo ya malezi mabaya. Mwaka 2006 matabibu waliowachunguza watoto wachache wa Tanzania wenye hali hii waliandika kwamba kwa baadhi yao dalili zilionekana baada ya malaria kali. Lakini kwa walio wengi duniani hakuna aliyeweza kunyosha kidole na kusema, sababu ni hii hapa.

Hata hivyo vidole vimenyoshwa, tena daima kwa mama. Huku kwetu husemwa kuwa alivunja mwiko, au mume alichukua mali kwa mganga akamtoa mtoto. Wala tusidhani kwamba upumbavu huu ni wa Waafrika peke yao. Huko Marekani, mwaka 1967, bwana mmoja msomi jina lake Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichosifiwa sana, akifundisha kwamba watoto hawa walijifungia nafsini mwao kwa sababu wazazi hawakuwapenda. Akina mama wengi walilia kwa ajili ya fundisho hilo, nalo lilikuwa uongo. Aliyelipinga mapema, mwaka 1964, kabla hata kitabu hicho hakijatoka, alikuwa Bernard Rimland, msomi ambaye naye alikuwa baba wa mtoto kama hao. Mitume walimwuliza Bwana wetu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na jibu tulilosomewa katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane ni kwamba si yeye wala si wazazi. Jibu hilo limesomwa makanisani miaka karibu elfu mbili, nasi bado twauliza swali lile lile la mitume.

Turudi kwa mama. Mtoto akimwuma, je, atenda dhambi?

Kila aliyepita katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza ajua masharti matatu ya dhambi ya mauti: jambo liwe zito, mtu ajue kwa hakika, naye akubali kwa hiari. Kuumiza mzazi ni jambo zito, hakuna shaka. Lakini yale mawili mengine yako wapi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alitenga matendo ya namna mbili: tendo la kibinadamu, litokalo katika akili na utashi, na tendo ambalo mtu hulitenda tu, kama mtu akunavyo kidevu huku mawazo yake yako mbali. Nayo Katekisimu ya Kanisa, katika namba 1735, yafundisha kwamba lawama ya tendo yaweza kupungua, hata kutoweka kabisa, kwa sababu ya kutojua, woga, nguvu, na mambo mengine ya nafsi. Mtoto yule pale sakafuni hakuwa akishindana na mama yake. Alikuwa mtu anayezama, na mtu anayezama humkaba shingo hata yule ajaye kumwokoa. Mvuvi wa Ziwa Victoria ajua jambo hilo, wala hamchukii mwenzake kwa ajili yake.

Lakini tusiende mbali mno tukamfanya mtoto huyu malaika au mti. Yeye naye ni mwana wa Adamu. Siku nyingine ajitupa chini kwa sababu anataka andazi la pili, na mama akimpa ananyamaza mara moja, na kesho yake ajitupa tena mahali pale pale. Hiyo si kuzama. Hiyo ni biashara, na mtoto yeyote wa Meru au wa Mombasa aijua. Mzazi mwenye busara hujifunza kuzitofautisha hasira hizi mbili, nazo zina alama zake. Mtoto anayetaka kitu huchungulia kama anatazamwa, hujihadhari asijiumize sana, na akipata alichotaka yamekwisha. Mtoto aliyelemewa hatazami mtu, hajihadhari na ukuta wala jiko, na hata ukimpa andazi, soda na kila kilichomo dukani, haponi mpaka dhoruba yenyewe ipite. Yule wa kwanza asipewe andazi kwa kelele. Afundishwe kuliomba kwa neno, na kama hana neno, kwa kulionyesha. Huyu wa pili hana cha kufundishwa saa ile. Anahitaji mahali pa kimya.

Hapo ndipo fimbo inapoingia, na hapo nakiri kwamba mkono wangu si safi.

Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, ikagongwa kwa chuma, na sauti yake ilisikika mpaka bondeni. Kulikuwa na mvulana wa darasa la pili ambaye kila ilipogongwa alipiga mayowe na kumrukia aliyekuwa karibu. Nilimchapa. Nilimchapa mara ya kwanza kwa kuwa alimrarua mwenzake shavu, na mara ya pili na ya tatu kwa kuwa sikutaka darasa lione kwamba mara ya kwanza haikufaa. Baba yake akamwondoa shuleni, nami nilishukuru. Siwezi leo kumpima kwa kumbukumbu na kusema alikuwa na usonji. Sikujua neno hilo. Nilichokijua hata siku zile ni kwamba mtoto alilia kabla sijampiga, tena kilio chenyewe kilikuwa cha mtu anayeumia, nami nilikisikia nikakiita ukaidi.

Watu wengi hukitaja Kitabu cha Mithali, sura ya 13, juu ya baba azuiaye fimbo yake. Wataalamu wa Maandiko hutuambia kwamba neno la Kiebrania lililoandikwa pale ndilo lile lile la Zaburi ya 23, fimbo ya mchungaji imfarijiyo kondoo. Sitajenga hoja yangu yote juu ya neno hilo, maana yeyote aliyewaona vijana wetu wakiswaga ng'ombe kuelekea mnadani ajua kwamba fimbo ya mchungaji si ya kufariji tu. Hoja yangu ni nyingine. Adhabu ina haki kwa sababu ina kazi: kumfanya mkosaji aone uhusiano kati ya kosa lake na maumivu yake, ili achague vingine kesho. Pasipo uhusiano huo katika akili ya anayeadhibiwa, yabaki maumivu matupu, na kazi haipo. Waliotunga Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 katika Bunge letu waliliona jambo hili vizuri kuliko walimu wengi, nikiwamo mimi. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo chakataza adhabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake. Tena chasema kwamba hakuna kumrudi mtoto kulikohalalishwa ikiwa mtoto, kwa uchanga au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa makusudi ya kurudiwa. Ndiyo hali ya mtoto aliyelemewa na sauti. Kumchapa ni kumwongezea sauti nyingine, hii ikiwa juu ya ngozi.

Lipo na jambo la umri, ambalo wazazi hulisahau. Mtoto wa miaka tisa aliyejifunza kwamba mwenye nguvu humpiga asiye na nguvu atafikisha miaka kumi na sita. Mama yake hataongezeka nguvu.

Basi, je, mzazi asitumie nguvu kamwe? La, sivyo. Mtoto akikimbilia barabara kuu ya Moshi, ambako malori hayangoji mtu, mama amkamate kwa nguvu zote alizo nazo. Akiinua jiwe juu ya mdogo wake, baba amshike mikono. Nguvu ya kukinga si adhabu; ni jirani wa ile haki ya kujilinda ambayo Kanisa limeifundisha daima, nayo ina mipaka ile ile: itumike kadiri inavyohitajika, iishe hatari inapoisha, wala isichanganywe na kisasi. Mtu aliyemshika mtoto ajiulize mwenyewe, mikono hii yamshika kwa sababu ya jiwe, au kwa sababu ya aibu niliyoipata mbele ya majirani? Tena asimkandamize kifua wala kumlalia, kwa maana watoto wamekufa duniani kwa kushikwa hivyo na watu wazima waliokuwa na nia njema.

Kuna na kamba. Lazima tuitaje, maana ipo. Wapo akina mama wanaomfunga mtoto kitandani au kwenye mti asubuhi, wakaenda sokoni kuuza mboga, wakamfungua jioni. Kamba hiyo ni mbaya. Yaondoa ngozi, yaondoa choo cha heshima, na mwishoni yaondoa mtu. Lakini nawaomba wasomaji wasimhukumu mama huyo upesi wakiwa wameketi barazani. Asipokwenda sokoni hawali. Akimwacha wazi, mtoto ataangukia kisimani au atampiga mtoto wa mtu, na baba wa mtoto huyo atakuja na panga. Kabla ya kuuliza kwa nini alifunga, yatupasa kuuliza alimwomba nani amkalie na mtoto saa tatu tu, na huyo aliyeombwa alisema nini. Katika jumuiya yenye nyumba kumi na tano, kamba moja imefungwa na mikono mingi.

Na mikono ya kwanza kuondoka mara nyingi ni ya baba. Sikutaka kuandika sentensi hii katika gazeti lisomwalo na familia nzima mezani, lakini kweli ni kweli. Wapo wanaume wema wanaomwogesha mwana wao wa miaka kumi na miwili kila jioni bila kunung'unika, nimewaona. Wapo pia waliosema kwamba upande wao hakuna watoto wa namna hii, wakahamia Mererani kutafuta madini, wasirudi. Ahadi ya ndoa haikuwa na kifungu cha watoto wasemao tu.

Nilimwuliza mama yule juu ya watoto wake wengine. Ana binti wa miaka kumi na mitatu na mvulana mdogo wa miaka minne. Binti alikuwa na kovu la meno begani. Huyu ndiye tumsahauye sisi tunaohubiri uvumilivu. Twamwambia, ni ndugu yako, mvumilie. Naye huvumilia, akimaliza sabuni kufua mashuka, akikosa masomo ya jioni, akiogopa kumleta rafiki nyumbani. Haki yamdai mzazi hata kwa mtoto huyo. Mtoto asiyepiga asigeuzwe ngao ya nyumba. Dhoruba ikianza, kazi yake iwe kumchukua mdogo na kutoka nje, basi; asiitwe kuja kushika miguu. Na siku moja katika juma awe na mama peke yake, hata kama ni nusu saa ya kuchambua mchicha. Anayo ruhusa pia ya kusema kwamba amechoka na ndugu yake, wala asikemewe kwa kusema hivyo.

Mama mwenyewe alisema jambo zito zaidi, nalo alilisema akitazama mlimani. Alisema kuna usiku aliomba Mungu amchukue mtoto kabla hajamchukua yeye, kwa maana atakapokufa hakuna atakayemtaka. Akaogopa kwamba ameomba kifo cha mwanawe. Sikuwa na la kusema upesi. Nadhani ombi lile halikuwa chuki. Lilikuwa hesabu ya mtu aliyeachwa peke yake ayafikirie maisha ya mwingine mpaka mwisho. Wazo lijalo usiku kwa mtu asiyelala siku ya tatu si ukubali wa moyo. Hata hasira ipandayo anapoumwa si dhambi, ni damu tu. Dhambi huanza pale mtu anapoitunza hasira hiyo mpaka asubuhi na kuilisha. Namwambia yeye na wengine walio kama yeye: ukihisi mkono wako unainuka, na mtoto yuko mahali pasipo hatari, toka nje, simama kwenye migomba, hesabu mikungu. Aibu ya kuondoka ni ndogo kuliko majuto ya kubaki.

Sasa, mambo ya kutenda. Mimi si tabibu, lakini nimewauliza wanaojua, na mengi ni ya akili ya kawaida. La kwanza ni daftari. Kila ghadhabu iandikwe: saa gani, mahali gani, nini kilitangulia, nini kilifuata. Mama yule hakuamini jambo hili, akalifanya kwa kuwa binti yake alipenda kuandika. Baada ya mwezi mmoja waliona mambo mawili. Ghadhabu zilizidi siku za Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru, ambapo magari na watu hupita mbele ya nyumba tangu alfajiri. Na zilizidi usiku alipolalia upande wa kushoto. Akapelekwa zahanati, sikio la kushoto lilikuwa na usaha, pengine kwa miezi mingi. Mtoto asiyesema hawezi kusema sikio laniuma. Husema kwa meno. Jino bovu, kufunga choo, minyoo, njaa na kukosa usingizi vitafutwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na kifafa pia, ambacho huandamana na usonji mara nyingi kuliko watu wajuavyo. Sikio lilitibiwa. Ghadhabu zikapungua, hazikwisha.

Kisha mtoto apewe njia ya kusema. Asiye na maneno aweza kufundishwa kuonyesha kikombe akitaka maji, au picha ya mlango akitaka kutoka, na kila atakapoonyesha apewe upesi, ili aone kwamba kikombe chafanya kazi kuliko ngumi. Aonywe kabla ya mabadiliko, kwa maneno machache na kwa ishara ile ile kila mara. Ghadhabu ikiisha kuanza, watu wapungue, maneno yapungue, vitu vigumu viondolewe, wala mtu asimwulize maswali. Ziko na dawa ambazo tabibu aweza kuzitoa pale ambapo mtoto anajiumiza vibaya, nazo zahitaji kuangaliwa na tabibu huyo huyo mara kwa mara. Zisinunuliwe dukani kwa ushauri wa shangazi. Hospitali ya rufaa ya KCMC huko Moshi haiko mbali sana nasi, na hapa hapa Tengeru kipo chuo cha Patandi, ambacho huwaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu. Watu wa Meru hukipita kila siku ndani ya daladala bila kujua kazi yake.

Nataka kukaa kidogo juu ya habari moja ya kale, maana ni ya wakulima, nasi ni wakulima. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore aliandika juu ya watoto kumi na mmoja, na kwa maandishi hayo dunia ya matabibu ilianza kuutambua usonji. Wa kwanza katika orodha yake alikuwa mvulana wa Mississippi, Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933. Alipokuwa hajafikisha miaka minne, wazazi wake walishauriwa kumweka katika nyumba ya kutunzia watoto wagonjwa. Hali yake huko haikuwa njema, nao wakamrudisha nyumbani baada ya mwaka hivi. Baadaye aliwekwa kwa mtu na mkewe, wakulima wasio na watoto. Mvulana alikuwa na wazimu wa kupima vitu. Wakulima hao hawakumzuia, wakamchimbisha kisima ili apime kina chake. Alikusanya ndege na wadudu waliokufa. Wakampa kipande cha ardhi awazike na kuweka alama. Alihesabu mistari ya mahindi bila kukoma. Wakampa farasi na plau, ahesabu huku akilima. Kanner alikwenda kumwona mwaka 1945, akastaajabu jinsi alivyoliendesha jembe. Donald alikuja kufanya kazi katika benki ya mji wake, akaishi kati ya watu waliomjua, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Sielezi habari hii ili kila mzazi atazamie mwanawe afanye kazi benki. Wengi hawatafanya, na mtoto wa jirani yetu huenda asiseme neno moja maishani. Naieleza kwa ajili ya wale wakulima wawili. Hawakuwa na shahada. Walitazama lile jambo ambalo mtoto hakuweza kuliacha, wakauliza lafaa mahali gani shambani. Mama yule aliposikia habari hii alitazama rundo la majani ya migomba yaliyochanwa, akacheka, mara ya kwanza siku ile. Alisema kwamba kamba za kufungia mizigo ya ndizi hutengenezwa kwa majani na maganda ya migomba, na ya kwamba yeye huzinunua.

Limebaki jambo la kanisa. Tarehe 22 Novemba 2014 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliwapokea Vatikano watu wenye usonji na wazazi wao, akasisitiza kwamba wasiachwe katika upweke. Sijui parokia ngapi huku kwetu zilisikia. Haituhitaji fedha nyingi. Fundi wa vyombo aweza kukipunguza kipaza sauti. Watu wawili wa jumuiya waweza kupeana zamu ya kukaa na mtoto nje, ili mama apate kuungama bila kutazama mlango. Katekista aweza kwenda nyumbani kwa mtoto, badala ya kusema hana akili ya mafundisho. Na yule aliyeleta ufito, siku nyingine alete maji.

Baada ya mazungumzo na Paroko, mama yule sasa huja Misa ya kwanza, ya saa kumi na mbili alfajiri, ambayo haina kwaya wala kipaza sauti. Mtoto husimama mlangoni na mkono umejaa majani ya migomba, na kengele ya mageuzo ikikaribia, mama humgusa bega mara mbili, naye hufunika masikio kabla haijalia. Jumapili iliyopita alimpiga mzee wa kanisa, yule yule wa kwanza, ngumi moja ya goti. Mzee alisogea hatua mbili, Misa ikaendelea.